Georges Brassens, fundi wa kuchekesha na gitare



Jina la Georges Brassens wengi kati yetu tumelikuta katika saa ya Kifaransa, pale mwalimu anapotaka kutuonyesha namna ya kuhesabu silabi za mstari. Jina linaandikwa ubaoni, linafutwa, kisha tunaingia katika hesabu. Sisi wenyewe tulidhani ni mshairi wa zamani sana, mzee wa ndevu, rafiki wa Victor Hugo. Kumbe alikuwa mtu wa gitare, mwenye masharubu manene na kiko mdomoni, aliyeishi mpaka mwaka 1981, na watu walikuwa wakimsikiliza wanacheka mpaka machozi. Tena, alipokuwa na umri wetu, aliacha shule juu ya wizi. Neno hilo halimo katika buku la Kifaransa. Ndilo lililotufanya tumtafute zaidi.

Alizaliwa tarehe 22 Oktoba 1921 katika mji wa Sète, kusini mwa Ufaransa, mji wa bandari na wavuvi, kando ya bahari ya Mediterania. Baba yake, Jean-Louis, alikuwa fundi wa kujenga nyumba, mtu mpole, ambaye hakutaka kusikia habari za mapadri hata kidogo. Mama yake, Elvira, ambaye jamaa yake ilitoka kusini mwa Italia, alikuwa Mkatoliki wa kweli wa kwenda misa. Hebu waza nyumba hiyo siku ya mungu! Lakini juu ya jambo moja wote walipatana: kuimba. Mama aliimba, baba aliimba, dada yake Simone aliimba, na mtoto alikua ndani ya nyimbo sawa samaki ndani ya maji. Alimpenda kupita wote mwimbaji Charles Trenet. Alitaka kusomea muziki, lakini mama akakataa, kwa sababu pointi zake za shule zilikuwa mbaya. Basi hakujifunza kusoma noti wakati ule. Mama wengine humu mwetu wanafanya vilevile na mpira.

Katika shule alikuwa mtu wa nyuma ya darasa, mpaka alipofika kwa mwalimu mmoja wa Kifaransa, Alphonse Bonnafé. Mwalimu huyo aliwasomea vijana wale mashairi ya Baudelaire na wengine, hakuwasomea sawa kazi ya mtihani, aliwasomea sawa mtu anayewagawia rafiki zake chakula kizuri. Brassens alianza kuandika mistari yake na kumwonyesha. Mwalimu hakucheka. Alimwambia afanye kazi zaidi, ajifunze kanuni za shairi. Mlishike jina la Bonnafé, tutalirudilia.

Sasa tufike kwenye wizi. Alikuwa na miaka 17. Pamoja na kundi la vijana walitaka makuta ya kutembea nayo, makuta hawakuwa nayo, wakaanza kuiba vitu vya dhahabu, tena mingi kwa watu wa nyumbani mwao wenyewe. Yeye aliiba pete na bangili ya dada yake. Polisi wakawakamata, mji mzima ukajua, maana Sète si mji mkubwa. Mahakama ikamhukumu siku 15 za kifungo, lakini cha kuahirishwa, hakulala gerezani. Hakurudi tena shuleni.

Wazazi walipoitwa kwa polisi kuwatoa watoto wao, baba wengine walikuja na hasira na matusi. Jean-Louis, yule fundi wa kujenga, alikuja akamsalimia mtoto wake, basi. Hakumpiga, hakumkana mbele ya watu. Zaidi ya miaka 25 baadaye, mwaka 1966, Brassens aliuweka mkasa huo ndani ya wimbo unaoitwa Les Quatre Bacheliers. Katika wimbo ule baba anamsalimia kijana na kumpa mfuko wake wa tumbako, na watu wa mji wanasema huyo ni mzazi mbaya. Mwimbaji anawajibu kwa namna yake ya upole, kwamba yeye angependa watoto wote wapate baba wa namna ile.

Tuseme neno letu hapa. Sisi ni kapita wa wanafunzi, daftari la majina liko mikononi mwetu. Mwaka jana kijana mmoja wa darasa la chini alikutwa na shati na mabuku ya mwenzake ndani ya sanduku. Sisi ndio tuliandika jina lake, na sisi ndio tulilisoma asubuhi mbele ya mistari yote. Alipewa adhabu akaimaliza. Lakini mezani hakuna aliyekaa karibu naye, hata sisi hatukukaa. Ikaja likizo ya Pasaka, akaenda kwao, hakurudi. Basi mtaelewa kwa nini hadithi ya mfuko wa tumbako imetushika.

Mwaka 1940, kwa sababu mjini kwake macho ya watu yalimchoma, alipanda gari la moshi kwenda Paris kwa shangazi yake Antoinette, aliyekuwa na piano. Huko akajifundisha mwenyewe kugusa piano ile. Akapata kazi katika kiwanda cha magari cha Renault, lakini tarehe 3 Juni 1940 ndege za Wajerumani zikatupa mabomu, na kazi ikaisha. Sasa fikirini kijana wa miaka 18, hana shule, hana kazi, vita iko mlangoni. Alifanya nini? Alikuwa anaamka mapema na kwenda kwenye nyumba ya mabuku ya mtaa wa 14, anasoma washairi mmoja mmoja, Villon, La Fontaine, Verlaine, anavunja mistari yao vipandevipande sawa fundi wa saa, apate kuona namna walivyoiunga. Mwaka 1942 vijitabu vyake viwili vya mashairi vilipigwa chapa, kwa makuta ya ndugu na marafiki. Hakuna aliyevijali. Yeye mwenyewe baadaye alikuwa anavicheka.

Mwezi wa Machi 1943 Wajerumani walimchukua, pamoja na vijana wengi wa Ufaransa, kwenda kufanya kazi ya lazima Ujerumani, katika kambi ya Basdorf karibu na Berlin, kwenye kiwanda cha mashine za ndege cha BMW. Mwaka mzima alikaa huko. Alikuwa anaamka mbele ya wengine ili aandike, na jioni anawaimbia wenzake. Huko alipata rafiki, Pierre Onténiente, ambaye baadaye alikuwa karani wake na mlinzi wa makuta yake mpaka mwisho. Walimpa jina la Gibraltar, sawa ule mwamba. Mwaka 1944 alipewa ruhusa ya siku chache kwenda Paris. Akaenda, na Wajerumani wanamngojea mpaka leo.

Lakini mtu aliyetoroka atalala wapi? Kwa shangazi polisi wangemkuta mara moja. Hapo anaingia mama Jeanne. Jeanne alikuwa mshonaji, mume wake Marcel Planche alipaka rangi magari. Nyumba yao ilikuwa katika kichochoro kinachoitwa impasse Florimont: maji ya bomba hakuna, stimu hakuna, gesi hakuna, ila paka, mbwa na ndege wa kila namna wako, na bata mmoja ambaye naye aliimbiwa wimbo alipokufa. Katika nyumba hiyo alijificha mpaka Paris ilipopata uhuru wake mwezi wa Agosti 1944. Mwajua alikaa siku ngapi? Alikaa miaka 22! Hata alipokuwa na jina kubwa na makuta mengi, alibaki pale kwa Jeanne mpaka mwaka 1966. Alikinunua kile kijumba, akaingiza maji na stimu, ndiyo mabadiliko yaliyotokea.

Miaka ya kwanza kisha vita ilikuwa ya njaa. Aliandika kidogo katika gazeti la wale wasiotaka serikali, Le Libertaire, akitumia majina ya uongo na kuwachokoza polisi kila juma. Mwaka 1947 alikutana na Joha Heiman, mwanamke aliyezaliwa Estonia, akampenda mpaka kufa, lakini hawakufunga ndoa wala hawakukaa nyumba moja. Sisi, katika shule yetu, hatuwezi kulisifu jambo hilo. Tunaliandika kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na uaminifu wao ulidumu zaidi ya miaka 30.

Kazi ya kuimba mbele ya watu hakuitaka. Alitaka kuandika nyimbo na kuwapa wengine waziimbe. Alikuwa na haya nyingi: akipanda jukwaani jasho linamtiririka, macho yanatafuta mlango. Mwanzoni mwa 1952, alipokuwa na miaka 30 na amekwisha kukataliwa huku na huku, rafiki zake wa Sète waliokuwa wanafanya kazi katika gazeti la Paris Match walimpeleka kwa mwimbaji Patachou, mwenye nyumba ya muziki huko Montmartre. Alimwimbia usiku, wateja wakiwa wameondoka. Patachou alichukua baadhi ya nyimbo, lakini nyingine akamwambia wazi kwamba si za mdomo wa mwanamke, lazima aziimbe mwenyewe. Mpiga besi wa nyumba ile, Pierre Nicolas, alichukua besi yake kubwa akamsindikiza. Alimsindikiza tangu siku zile mpaka mwisho wa kazi yake. Gitare moja, besi moja, mguu mmoja juu ya kiti, hakuna dansi, hakuna nguo ya kung'aa: hivyo tu alijaza manyumba makubwa ya muziki ya Paris kwa miaka 25.

Tuone sasa alichokuwa anachekesha nacho. Wimbo mmoja wa mwanzo, Hécatombe, unasimulia soko la mji wa Brive. Wamama wa soko wanagombana juu ya mafungu ya vitunguu. Polisi wanakuja na farasi kuwatenganisha. Mara moja wamama wanasahau ugomvi wao, wanaungana na kuwaangukia polisi. Mtu yeyote aliyeona soko letu siku ya kodi anajua kwamba Mfaransa huyo hakusema uongo. Nao watu wa Brive hawakukasirika: soko lao la leo linaitwa kwa jina la Georges Brassens.

Wimbo mwingine ulileta moto: Le Gorille. Sokwe mkubwa anatoka ndani ya kizimba chake, watu wanakimbia, anabaki bibi kizee na jaji kijana mwenye kanzu. Maneno mengine ya wimbo huo hatuwezi kuyaandika katika gazeti la shule, direkteri angetuita ofisini. Lakini mwisho wake ndio unaojulikana sana: jaji, mikononi mwa mnyama, analia na kumwita mama yake, sawasawa mtu ambaye siku ileile jaji huyo alimhukumu kukatwa kichwa. Mtu anacheka, anacheka, na ghafula kicheko kinamkwama kooni. Redio za serikali ziliukataza wimbo huo kwa miaka. Brassens aliichukia hukumu ya kuua kupita mambo yote. Mwaka 1976, katika sahani yake ya mwisho ya nyimbo mpya, yeye ambaye kila siku aliwachokoza mapadri aliimba sifa ya padri mmoja wa kijiji aliyekasirikia mti wa kunyongea akamsomea misa mtu aliyenyongwa.

Hapo ndipo tunaona kichekesho chake kilikuwa cha namna gani. Hakuwacheka walioanguka. Aliwacheka wale wenye kanzu, wenye kofia ya cheo, na watu wema wa mji wanaosimama dirishani kumtazama jirani akipelekwa na polisi. Wimbo wake unaopendwa sana, Chanson pour l'Auvergnat, wa mwaka 1954, hauchekeshi hata kidogo. Ni wimbo wa kutoa aksanti kwa watu watatu: aliyempa vipande vya kuni wakati wa baridi, aliyempa mkate wakati wa njaa, na mtu wa tatu, mgeni asiyemjua, ambaye hakumpa kitu chochote. Mgeni huyo alimtabasamia tu kwa uso wa huzuni, wakati polisi wanamshika na wengine wote wanafurahi. Watu wanasema wawili wa kwanza ni Marcel na Jeanne. Huyo wa tatu sisi tunamfikiri mingi kuliko wengine.

Msidhani mambo haya yalikuja rahisi kwa sababu yanasikika rahisi. Alikuwa anaweza kuweka wimbo mmoja mezani kwa miaka, anabadili neno, analirudisha. Alichanganya Kifaransa cha karne ya Villon na matusi ya mtaani, na kila silabi ilikaa pale sauti ya gitare ilipoitaka. Mara nyingine aliwachukua washairi wengine akawapa sauti. Siku moja alipata sauti nzuri akaitia katika shairi la Aragon, ambaye alikuwa mkomunisti. Kisha sauti ileile akaitia katika shairi la sala la Francis Jammes, ambaye alikuwa Mkatoliki. Mkomunisti na Mkatoliki wanaimbwa kwa sauti moja, wala hakuna aliyelalamika. Pengine baba yake na mama yake walikuwa wanamjia kichwani.

Kuna mahali hatumfuati. Mwaka 1964 aliimba juu ya wajomba wawili, mmoja alipenda Waingereza, mwingine alipenda Wajerumani, wote wakafa katika vita, na yeye anaona hakuna tena mtu anayejali nani alikuwa na haki. Watu waliopoteza ndugu zao kwa Wajerumani walikasirika sana, na sisi tunawaelewa. Katika jimbo lolote lililopita vita, mtu hawezi kusema wote ni sawasawa mbele ya mjane. Yeye hakurudi nyuma. Mwaka 1972 aliimba tena, kwa mzaha, kuhusu wale wakubwa wanaowatuma wengine kufia mawazo huku wao wanazeeka vizuri nyumbani. Huo wa pili tunaukubali bila kupunguza neno.

Katika sahani ileile ya 1972 mna wimbo ambao ni kama mwisho wa hadithi ya bangili. Mwizi ameingia nyumbani kwa mwimbaji wakati hayupo. Mwimbaji anamwandikia sawa anavyoandikiwa mgeni wa heshima: anamshukuru kwa kufunga mlango alipotoka, anamsifu kwa kuacha picha mbaya ukutani aliyopewa zawadi, na zaidi ya yote kwa kutogusa gitare. Anamshauri asiuze vitu kwa bei ya chini. Hakumshitaki. Anamwomba tu asirudi! Na katikati ya mizaha hiyo anakiri kwamba, kama nyimbo zake hazingependwa, pengine yeye naye angekuwa mwizi mwenzake. Watu walicheka ukumbini. Wangapi walijua kwamba mtu huyu aliwahi kusimama mbele ya polisi kwa kosa lilelile, hatuwezi kusema.

Heshima nazo zilikuja, bila yeye kuzikimbilia. Mwaka 1967 Académie française, baraza la wakubwa wa lugha ya Kifaransa, lilimpa tuzo yake kubwa ya ushairi. Lakini sisi tunapenda zaidi jambo la mwaka 1963. Katika mfululizo wa mabuku ya Seghers juu ya washairi wa siku zile, lilitoka buku juu ya Georges Brassens. Mwenye kuliandika alikuwa nani? Alphonse Bonnafé, yule mwalimu wa Sète. Alimfundisha kijana, akaona anaondoka shuleni kwa aibu, na miaka zaidi ya 20 baadaye akakaa mezani kuandika buku zima kuwaeleza Wafaransa ukubwa wa mwanafunzi wake. Walimu wetu, tunawasalimia.

Mwili wake ulimsumbua maisha yote. Mawe ya figo yalimpa maumivu makali, mara nyingine hata jukwaani, lakini alimaliza wimbo. Mara ya mwisho aliimba katika nyumba ya Bobino, mtaa uleule wa 14, kuanzia Oktoba 1976 mpaka Machi 1977. Kisha kansa ikamshika.

Tarehe 9 Oktoba 1981 Ufaransa ilifuta katika sheria zake hukumu ya kuua. Brassens alikuwa mgonjwa sana tayari. Ilikuwa miaka 29 tangu sokwe wake alipotoka kizimbani. Siku 20 baadaye, tarehe 29 Oktoba, alikufa kijijini Saint-Gély-du-Fesc, si mbali na Sète, juma moja kisha kutimiza miaka 60.

Alikuwa ameomba katika wimbo mrefu azikwe mchangani ufukoni, ili wenye kuoga baharini wabadili nguo nyuma ya kaburi lake, na kaburi lake liwe karibu na bahari kuliko lile la Paul Valéry, mshairi mkubwa wa mji huo, ambaye amelazwa kwenye makaburi ya matajiri juu ya kilima. Hakupewa ufuko. Walimzika Le Py, makaburi ambayo watu wa Sète wanayaita ya maskini, kwenye kaburi la jamaa yake. Joha naye akazikwa humo mwaka 1999. Ukisimama pale huioni bahari kubwa, unaona ziwa la chumvi la Thau na mitumbwi ya wavuvi.